Mboga za Karibu Si Lazima Ziwe na Vitamini Zaidi

Wengi wanaamini kwamba mboga zikilimwa jirani na shule, basi mtoto atapata vitamini nyingi kuliko akila zilizogandishwa. Umbali peke yake hauhakikishi hilo.

Kinachoamua ni muda na joto. Jani likishakatwa huendelea kupumua, na vitamini C yake huanza kupungua, haraka zaidi likiachwa penye joto. Mboga ya jirani iliyokaa stoo siku tatu bila ubaridi inaweza kuzidiwa na iliyogandishwa saa chache baada ya kuvunwa. Kugandisha nako kuna hasara: mboga huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka, na sehemu ya vitamini hiyo hupotea hapo. Madini na nyuzinyuzi havipungui kwa kukaa tu.

Kisha kuna jiko la shule, ambalo nadhani linasahauliwa mno. Vitamini C huyeyuka majini na kuharibiwa na moto. Mboga ikichemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, kisha sufuria ikabaki motoni hadi kengele ya chakula, faida kubwa ya kuvunwa asubuhi ile imekwisha.

Kununua kwa wakulima wa karibu kuna sababu nyingine nzito, hasa soko la uhakika. Mwaka 2009 Brazili iliweka sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua mazao ya kilimo cha familia. Na mboga ikipikwa siku ileile ya mavuno, kwa maji machache, ikapakuliwa mara moja, hapo ukaribu unamfaa mtoto kweli.