Dawa hupimwaje? Kila kipimo kina swali lake

Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kupima dawa maabara, haipiti siku nyingi atanitolea kidonge mfukoni na kuniuliza: "Hebu niambie, hiki ni kizima?" Ni swali la haki kabisa. Lakini hakuna mashine hata moja inayoweza kulijibu likiwa hivyo lilivyo. Mashine haijui uzima. Inajua mwanga umefyonzwa kiasi gani, uzito umepungua miligramu ngapi, asidi imemaliza mililita ngapi za besi. Kazi ya mkemia ni kulivunja lile swali moja vipande vipande, na kila kipande kukipelekea chombo kinachokiweza.

Je, dawa iliyoandikwa kwenye pakiti ndiyo iliyomo? Imo kiasi gani? Kidonge hiki na mwenzake vinalingana? Humo ndani kuna kitu kingine kisichotakiwa? Kikimezwa, kitaiachia dawa yake au kitapita tumboni kizima kama jiwe? Na baada ya miaka miwili kabatini kitakuwaje? Kipimo kinachojibu swali moja kati ya haya ni kipofu kwa yale mengine. Upofu huo umewahi kuua watu, ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme kwamba kidonge kimoja hakinisaidii sana. Kwa kawaida vidonge 20 hupimwa uzito, husagwa pamoja, na unga wake ndio unaopimwa kujua wastani wa dawa iliyomo. Vingine 10 hupimwa kimoja kimoja, maana wastani unaweza kuwa mzuri huku kidonge kimoja kina dawa nusu na mwenzake kina mara moja na nusu. Vingine 6 huenda kwenye kipimo cha kuyeyuka. Anayeniletea kidonge kimoja anaweza kupata jibu la swali moja tu, tena lile jepesi.

Dawa sahihi ndani ya sumu

Mwaka 1937, nchini Marekani, kampuni moja ilitaka kuuza sulfanilamidi katika umbo la maji. Dawa hiyo ilikuwa inatibu kweli maambukizi ya bakteria, ila haikubali kuyeyuka kwa urahisi. Ikapatikana dayethilini glaikoli, kimiminika kizito chenye utamu, kinachoiyeyusha vizuri. Watu zaidi ya 100 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata ndipo sheria ya nchi hiyo ikaanza kudai dawa ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Ningeipokea chupa ile maabara nikaulizwa tu kama sulfanilamidi imo na inatosha, ningeandika "imefaulu", na ningekuwa nimesema kweli. Sulfanilamidi ilikuwemo. Muuaji alikuwa kile kilichoibeba.

Ningetamani kusema mambo hayo yalikwisha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, zikiwa na dayethilini glaikoli na ndugu yake ethilini glaikoli. Watoto wapatao 70 walikufa huko, na mwaka huohuo Indonesia ilipoteza watoto wapatao 200 kwa sumu za aina hiyohiyo. Miaka 85 ilikuwa imepita tangu 1937, na kosa ni lilelile.

Chanzo ni kufanana. Gliserini na propilini glaikoli, ambazo ndizo zinazotakiwa kwenye dawa za maji, hazina rangi, ni nzito na zina utamu. Sumu hizi mbili nazo ni hivyohivyo, tena ni rahisi zaidi kwa bei. Kipimo cha kawaida cha kutambua malighafi ni kuipitishia mwanga wa infraredi na kulinganisha mchoro wake na mchoro wa sampuli safi. Ni kipimo kizuri na cha haraka, nakitumia kila wiki. Lakini mchoro ule unaonyesha hasa aina za vifungo vya kemikali vilivyomo, na vifungo vya gliserini na vya dayethilini glaikoli vinafanana mno. Gliserini iliyochanganywa na sumu kidogo itakupa mchoro unaokaribia kuwa wa gliserini safi.

Chombo kinachozitenganisha ni kromatografia ya gesi: tone la sampuli hugeuzwa mvuke, likasukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba na mrefu, na kila kemikali ikatoka kwa wakati wake. Kikomo kinachokubalika kwa kila moja ya sumu hizi ni asilimia 0.1. Maabara isiyo na mashine hiyo inaweza kuanza na kromatografia ya bamba, ambapo tone la sampuli hupanda juu ya bamba lililopakwa silika, kisha madoa yake yakalinganishwa na ya sumu inayojulikana. Msimamo wangu hapa hauna nafasi ya majadiliano: kila pipa la gliserini lipimwe lenyewe. Pipa moja safi halimdhamini jirani yake.

Aspirini na hesabu inayodanganya

Tuje kwenye swali la "kiasi gani". Njia kongwe ni taitresheni. Unadondosha kemikali ya nguvu inayojulikana kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita, hadi rangi ibadilike, unasoma mililita, unapiga hesabu. Ni rahisi, haina umeme mwingi wala vipuri, na mikononi mwa mtu makini inatoa namba sahihi ajabu. Naipenda. Lakini ona inavyotendeka kwa aspirini.

Unaichemsha aspirini pamoja na besi, sodiamu haidroksaidi, ya ziada, kisha unapima iliyobaki. Molekuli moja ya aspirini hula molekuli mbili za sodiamu haidroksaidi: moja kwa sababu aspirini ni asidi, ya pili kwa sababu moto huivunja na kutoa asidi asetiki, ile ya siki. Sasa chukua aspirini iliyoharibika kabatini kwa unyevu. Imeshavunjika yenyewe ikawa asidi salisiliki na asidi asetiki. Asidi salisiliki itakula molekuli moja, asidi asetiki nayo moja. Jumla ni mbili. Almradi ile siki haijaruka hewani, bureti itakuambia aspirini ni asilimia 100 wakati sehemu yake imeshaoza. Pua yako itagundua kabla ya bureti, maana chupa ya aspirini iliyoharibika hunuka siki ukiifungua.

Kupima kwa mwanga wa urujuanimno kuna udhaifu wa namna hiyohiyo. Paracetamol hufyonza mwanga huo vizuri kwenye nanomita 243 hivi, na kadiri ilivyo nyingi kwenye mmumunyo ndivyo inavyofyonza zaidi, kwa uwiano ulionyooka. Lakini 4-aminofenoli, uchafu wenye madhara unaotokana na paracetamol ikivunjika, nayo hufyonza. Mwanga hauwezi kukuambia umemezwa na nani.

Kutenganisha kwanza, kupima baadaye

Jibu la tatizo hilo lilianza na majani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alipitisha rangi za majani kwenye mrija uliojaa unga wa chokaa, akaona zinagawanyika kuwa mikanda ya rangi mbalimbali. Akaiita njia hiyo kromatografia. Mashine tunazotegemea leo, zile ambazo kila maabara huziita HPLC, ni wajukuu wa mrija ule.

Moyo wake ni kolamu, mrija wa chuma wenye urefu wa milimita 150 au 250 na upana wa ndani wa milimita 4.6, uliojazwa chembe za silika za mikromita 5 hivi. Chembe hizo zimevishwa minyororo ya kaboni 18, kwa hiyo zina tabia ya mafuta. Pampu husukuma maji yaliyochanganywa na methanoli kwa shinikizo kubwa, na sampuli yako huingizwa njiani. Fikiria wasafiri wanaopita njia moja. Asiyemjua mtu huenda moja kwa moja akafika. Mwenye jamaa wengi kila kona husimama, akasalimu, akaulizwa habari za nyumbani, akafika jua limeshazama. Kemikali inayopenda maji hupita haraka, na inayopenda mafuta husimama kwa kila chembe. Mwishoni kuna kigunduzi cha mwanga, na kila msafiri akipita huchorwa kama kilele kwenye skrini. Aspirini ina kilele chake, asidi salisiliki ina chake, na hakuna anayejificha nyuma ya mwenzake.

Anayejificha yupo bado, nisiseme uongo. Vitu viwili vinaweza kufika pamoja na kuchora kilele kimoja kizuri. Kwa hiyo kabla ya kuiamini njia mpya tunaitesa dawa kwa makusudi: tunaichemsha kwenye asidi, kwenye besi, tunaiweka kwenye peroksidi, joto na mwanga, ili ioze kwa kila namna, kisha tunatazama kama vilele vya uozo vinajitenga na kilele cha dawa. Njia isiyopita jaribio hili siitumii kupima dawa iliyokaa ghalani, hata ingekuwa imechapishwa wapi.

Na mashine haijui miligramu. Inajua eneo lililo chini ya kilele. Ndiyo maana pembeni ya kila sampuli huwa kuna dawa rejea, yaani dawa safi ambayo usafi wake umethibitishwa. Dawa rejea huingizwa mara tano au sita kwanza, na maeneo yake yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2 hivi, siku ya kupima haijaanza. Hapo ndipo sampuli inalinganishwa nayo, na inatoka namba: tuseme asilimia 93. Imefaulu? Kwa vidonge vya paracetamol, Famakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inakubali asilimia 90 hadi 110, na ya Uingereza 95 hadi 105. Kidonge kilekile, namba ileile, kinafaulu kwenye kitabu kimoja na kufeli kwenye kingine. Ripoti isiyotaja kitabu ilichotumia ni nusu ripoti.

Yale ambayo hakuna aliyeyauliza

Mwaka 2008 wagonjwa waliochomwa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, walianza kupata mshtuko na baadhi yao wakafa. Heparini ilikuwa ikipimwa kwa uwezo wake wa kuchelewesha damu kuganda. Mtu alikuwa amechanganya humo kondroitini iliyoongezewa salfeti, kitu cha bei ndogo ambacho nacho huchelewesha damu kuganda, na kipimo kikakipitisha. Kilichokiumbua ni spektroskopia ya mwangwi wa nyuklia za atomu, inayosoma umbo la molekuli badala ya kazi yake.

Kisha 2018 ikaja valsartani, dawa ya shinikizo la damu. Ndani yake kulikutwa NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, iliyozaliwa kiwandani baada ya njia ya kutengeneza dawa kubadilishwa. Kikomo chake ni nanogramu 96 kwa siku. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu, na kwa kiasi hicho kigunduzi cha kawaida cha mwanga hakioni kitu. Inahitajika spektrometria ya masi, inayozipima molekuli kwa uzito wake. Vilele vya valsartani vilikuwa vizuri miaka yote hiyo. Aliyefikiri kuuliza kuhusu NDMA ndiye hakuwepo.

Kipimo cha kuyeyuka, na kosa langu

Hiki ndicho kipimo kilichonifundisha kazi. Kidonge hudondoshwa ndani ya chombo chenye maji mililita 900 kwa nyuzi 37, joto la mwili, huku kasia likizunguka, mara nyingi mizunguko 50 kwa dakika. Muda ukifika unavuta maji kidogo, unayachuja, unapima dawa iliyotoka. Kidonge kinaweza kuwa na dawa yote asilimia 100 na kisiiachie.

Nikiwa bado mgeni kazini nilipima toleo, yaani vidonge vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, la dawa moja isiyopenda maji. Ilitakiwa kutoa angalau asilimia 80 ndani ya dakika 30. Vyombo vyangu vyote sita vilisoma kati ya 76 na 78. Toleo limefeli. Mkono ulinituma nirudie, labda kesho itatoka vizuri, na hiyo ndiyo tabia ambayo mahakama ya Marekani iliikemea mwaka 1993: kupima tena na tena mpaka namba unayoitaka ipatikane. Mkubwa wangu wa kazi hakuniruhusu kugusa kidonge kingine. Aliniambia nizitazame zile namba sita. Vidonge vyenye ubovu wa kuyeyuka hutoa namba zinazoachana, kimoja 60, kingine 85. Vyangu vilikuwa vimepangana kama askari kwenye gwaride.

Nikachukua dawa rejea iliyoyeyushwa kikamilifu, nikagawa mafungu mawili, moja nikalipitisha kwenye kichujio changu na jingine nikaliacha. Lililochujwa lilikuwa limepoteza asilimia 15. Dawa ilikuwa inang'ang'ania kichujio. Nilipomwaga mililita 5 za kwanza ili kichujio kishibe, upotevu uliisha. Baada ya sababu hiyo kuandikwa na kuidhinishwa, vidonge vipya vilisoma karibu 91.

Namba zote mbili ziliingia kwenye ripoti, ya kwanza haikufutwa. Nayo ilikuwa imepima kitu cha kweli. Ilikuwa imepima kichujio.