Anayemuuguza mgonjwa wa kiharusi naye apimwe

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, familia hupewa dawa, tarehe ya kliniki na maelekezo ya mazoezi, lakini ni nadra kwa yeyote kumgeukia binti au mke atakayemuuguza na kumuuliza hali yake. Kazi inayomsubiri ni nzito. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hutakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Kwa hiyo anayeuguza peke yake hukosa usingizi kamili kwa miezi.

Kliniki tumezoea kumwona binti anayetaja bila kusita kila dawa ya mama yake, kipimo chake na saa yake, lakini ukimuuliza ni lini yeye mwenyewe alipimwa presha, hulitazama faili lililo mapajani mwake na kunyamaza. Hilo linatusikitisha, kwa sababu shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, aghalabu huandama ukoo. Siku ya kliniki ya mgonjwa, omba na wewe upimwe. Umeshafika, na nauli umeshalipa.

Mgongo nao huumia kwa kunyanyua. Mwombe mtaalamu wa mazoezi tiba akuonyeshe kwa vitendo namna ya kumgeuza mgonjwa. Usimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake huumia kwa urahisi. Tandika shuka iliyokunjwa chini ya kiwiliwili chake, kisha ishikeni shuka hiyo watu wawili, mmoja kila upande, mkiwa mmekunja magoti.

Kumpata huyo wa pili ndiko kugumu. Ndugu huja na matunda, husema pole na kuuguza, na giza likikaribia huaga. Ujio wao una thamani, ila kwa maoni yangu anayeuguza anahitaji zaidi usiku mmoja wa kulala bila kuamshwa. Kikao cha familia kipange zamu kwa majina na siku: nani atalala na mgonjwa Jumamosi, nani atafua mashuka, na aliye mbali atatuma kiasi gani cha nepi. Familia isiyo na watu wa kutosha imwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali au wa halmashauri, ambaye pia hupokea maombi ya msamaha wa gharama za matibabu kwa wasio na uwezo.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa wiki 2 mfululizo ni sababu tosha ya kumwona daktari. Ukijikuta umeinua mkono kumpiga mgonjwa, au umewaza kujidhuru, usione aibu na usisubiri tarehe ya kliniki: mwachie jirani mgonjwa, uje siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.