Homa ya dengi: vita vinavyoanza kabla ya kingamwili

Mvua za masika zikipungua, wagonjwa huja na swali lilelile: "Daktari, malaria nimepimwa sina. Mbona viungo vinaniuma hivi, na macho yanauma kwa nyuma?" Mombasa tuliopitia mlipuko wa 2013 na 2014 huiwaza mapema dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu.

Sehemu ya maumivu hayo huletwa na mwili wenyewe ukipigana. Humo vitani kuna protini ndogo isiyotajwa sana kliniki, yubikwitini, yenye asidi amino 76 tu. Kazi yake ni kubandikwa juu ya protini nyingine. Vimeng'enya vya aina tatu hupokezana: cha kwanza huiamsha, cha pili huibeba, cha tatu huchagua ibandikwe wapi. Mara nyingi hubandikwa nyingi, mnyororo mzima, na jinsi zilivyoungana ndiyo amri yenyewe. Wa bandari ya Kilindini ataelewa upesi: kontena ni lilelile, ila karatasi moja yasema litoke, nyingine yasema mzigo uteketezwe. Mnyororo ulioungwa kwenye nafasi ya 48 ya yubikwitini huipeleka protini ikakatwekatwe. Ulioungwa kwenye nafasi ya 63, kwa kawaida, huwasha ishara.

Virusi vikiingia kwenye seli, protini iitwayo RIG-I huinasa RNA yao, yaani maagizo yao ya kijenetiki. Vimeng'enya kama Riplet na TRIM25 huichochea kwa minyororo ya 63, nayo RIG-I huiamsha MAVS, protini ya kupitisha ishara iliyo juu ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Ndani ya saa chache seli inamwaga intaferoni, protini za kutoa tahadhari, na seli jirani zinajihami. Kingamwili, protini zinazotengenezwa kukinasa kirusi hicho hasa, bado siku kadhaa. Ile homa na ule uchovu, kwa kiasi kikubwa, ni kelele za kazi hii.

Sasa tazama ujanja wa dengi. Protini yake NS5 humtumia mfanyakazi wetu wenyewe, kimeng'enya UBR4, kuibandika protini STAT2 amri ya kuharibiwa. STAT2 ndiyo mojawapo ya protini zinazofikisha ujumbe wa intaferoni kwenye kiini cha seli. Ikiondoka, intaferoni inapiga hodi na hakuna wa kufungua. STAT2 ya panya haiathiriki hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya panya wa kawaida wa maabara kutougua dengi kama sisi.

Mwili pia una vimeng'enya vya kuibandua yubikwitini, kama CYLD, ili vita visipitilize. Ndiyo maana sivutiwi na chupa zinazouzwa mitaani kwa jina la "kuongeza kinga". Kinga iliyokosa breki nayo huumiza.

Antibayotiki haigusi dengi. Kunywa maji kwa wingi na parasetamoli kwa kipimo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaweza kuzidisha kutoka damu. Homa ikishuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, usikimbilie kusema umepona: tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.