Je, dizeli ndiyo nafuu kila mara?
Wanunuzi wengi wa magari ya kifahari yaliyotumika hapa Arusha huamini kwamba injini ya dizeli inakula mafuta kidogo na inadumu zaidi, hivyo ni nafuu kuliko ya petroli.

Kuhusu mafuta, ni kweli. Lita ya dizeli ina nishati nyingi kuliko ya petroli, na injini yake huitumia vizuri zaidi. Anayekwenda Dodoma kila wiki ataiona tofauti. Sifa ya kudumu, hata hivyo, ilijengwa na dizeli za zamani zisizo na kompyuta. Range Rover ya dizeli ya miaka ya karibuni mara nyingi ina turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nozeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini) za shinikizo kubwa zisizovumilia mafuta machafu, na kichungi cha masizi. Kichungi hicho hujisafisha injini ikipata joto la kutosha kwa muda. Safari fupi za Njiro hadi mjini haziifikishi injini kwenye joto hilo, na kichungi huziba. Nozeli na turbo zikifa pamoja, akiba ya mafuta imekwenda. (Wauzaji hawalitaji sana hili.) Petroli nayo ina lake: V8 (injini ya silinda nane) inakunywa mafuta kwelikweli.

Piga hesabu mwenyewe: kilomita zako za mwaka, ulaji wa kila injini, bei ya leo kituoni. Ongeza bei ya seti ya nozeli. Siku ya ukaguzi, mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ikiwashwa baridi, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua vizuri. Fundi wako, si wake, achomeke mashine ya kusoma hitilafu.