Macrovision: kinga ya kanda za video iliyogomea hata harusi

Shangazi yangu ana kanda ya harusi yake ya mwaka 1994, VHS ya saa tatu (E-180) yenye lebo iliyogeuka rangi ya chai. Aliniomba nimtolee DVD. Nikaunga deki kwenye rekoda ya DVD kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, nikabonyeza kurekodi, tukakaa kutazama. Bi harusi hajafika hata ukumbini, rekoda ikasimama na kuandika kwamba kanda ina kinga, hairekodiwi. Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, harusi yangu kaifunga nani?"

Hakuna aliyeifunga. Rekoda ilidhani imeona Macrovision.

Macrovision ilikuwa kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1983, na jina lake likabaki kuwa jina la kinga iliyobuni ili kanda za filamu zisinakiliwe kutoka deki moja kwenda nyingine. Filamu ya kwanza kutolewa kwenye kanda ikiwa na kinga hiyo ni The Cotton Club, mwaka 1985. Baadaye studio kubwa za Hollywood zikaizoea. Wengi huiita kufuli, neno ambalo naona linapotosha. Ndani ya kanda hakuna kilichofungwa: picha ipo, sauti ipo, na deki yoyote inavisoma. Macrovision ni uongo, na anayeongopewa ni deki inayorekodi.

Picha ya televisheni ya zamani husafiri mstari kwa mstari. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio wetu Afrika Mashariki, picha moja ina mistari 625, lakini inayobeba picha yenyewe ni 576 tu. Mingine hupita bila kuonekana, wakati TV inajiandaa kuanza tena kuchora kutoka juu. Kama uliwahi kuwa na TV ya chogo ambayo picha yake ilikuwa ikipanda yenyewe mpaka mtu aipige kofi ubavuni, ule utepe mweusi uliotenganisha picha na picha ndiyo mistari hiyo.

Macrovision ilijificha humo. Ilipachika alama bandia za kuanzia mstari, na nyuma ya kila alama ikaweka mweupe mkali kupita mweupe wowote wa kawaida. Sasa, deki inayorekodi ina sehemu inayopima nguvu ya picha inayoingia: ikizidi inaipunguza, ikipungua inaiongeza. Ikikutana na mweupe ule inaamini picha nzima imezidi, inaikandamiza. Na kwa kuwa mweupe wenyewe unapandishwa na kushushwa kila baada ya muda mfupi, nakala inatoka na giza, inang'aa ghafla, inapinda juu, inaruka. TV nyingi hazikusumbuka, maana hazikuwa na wepesi huo wa kujirekebisha. Deki za Betamax, aina iliyoshindana na VHS, nazo zilipima kwa njia yao, hivyo nyingi hazikunaswa.

Rekoda za DVD na vile vifaa vidogo vya kuingizia video kwenye kompyuta ni habari nyingine. Hivi haviongopewi, vinautambua uongo na kuutii. Chipu inakagua mistari iliyofichwa, ikiona alama inagoma. Marekani ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 1998 iliagiza deki za VHS zinazouzwa huko ziwe za aina inayonaswa.

Ubaya ni kwamba chipu haijui tofauti ya filamu ya studio na harusi ya Tanga. Kanda iliyorekodiwa kwa kamera ya mtaani haina Macrovision hata chembe. Lakini utepe ukivutika, au hedi (kichwa cha deki kinachosoma kanda) ikiwa chafu, chenga huangukia pia kwenye mistari ile iliyofichwa, na chipu inazisoma kama alama bandia. Uchakavu unachukuliwa kuwa kinga.

Kwa hiyo kanda ya familia ikigoma, anza na usafi. Safisha hedi, peleka kanda mbele mpaka mwisho kisha uirudishe yote, rekebisha treki (tracking, kitufe cha deki cha kunyoosha usomaji wa kanda), halafu jaribu deki nyingine. Angalia pia kama programu ya kompyuta imewekwa PAL. Ikiachwa NTSC, mfumo wa Marekani, picha itaruka na utaisingizia kinga bure.

Mafundi wenye kazi nyingi hutumia kifaa kiitwacho TBC (time base corrector, kirekebisha muda wa picha). Kinaishika picha kwenye kumbukumbu yake, kinaitupa ile mistari iliyofichwa iliyochakaa na kutengeneza mipya iliyonyooka. Kimeundwa kutuliza picha inayotikisika. Ila kinapotupa mistari hiyo kinatupa na Macrovision yote, na hapo ndipo mabishano ya kisheria yanapoanzia, kwa sababu kuwa na kanda ya filamu hakukupi haki ya kuinakili. Uingereza iliruhusu nakala ya matumizi binafsi Oktoba 2014, lakini kinga za namna hii ziliendelea kulindwa. Na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta hata ruhusa yenyewe. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kuzikwepa kinga hizi. Harusi ya shangazi haimo katika ugomvi huo.

Hedi nilizisafisha, rekoda ikagoma tena. Nikaazima deki ya fundi mmoja, nzito kama tofali, na kanda ikapita mwanzo hadi mwisho. Safari hii niliiingiza kwenye kompyuta kwanza, nikachoma DVD baadaye, ili ikigoma katikati nisiharibu diski. Juu ya picha pamebaki mpindo mdogo: kofia ya bwana harusi inaegemea kushoto kila muziki unapopamba moto. Shangazi anasema siku ile aliivaa hivyohivyo.