Kupima elementi katika nebula za sayari: dhana potofu na ukweli

Jina linapotosha, kwani nebula hizi hazihusiani na sayari. Ni gesi iliyotemwa na nyota inayokufa. Ila makosa mazito huanzia kwenye kupima.

Dhana: Mstari mkali zaidi ni wa elementi iliyo nyingi zaidi.
Mwaka 1864 William Huggins alielekeza spektroskopu, chombo kinachotenganisha mwanga kuwa mistari ya rangi, kwenye nebula ya Jicho la Paka (NGC 6543). Mstari wake wa kijani, nanomita 500.7, ulidhaniwa baadaye kuwa wa elementi mpya, "nebuliamu", hadi Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Kwa kawaida oksijeni ni kama atomu moja tu kwa atomu 2,000 za haidrojeni. Inang'aa kwa sababu elektroni huiamsha kwa urahisi, na gesi ni nyepesi mno hata ioni (atomu iliyopoteza elektroni) hupata muda wa kutoa mwanga kabla ya kugongwa tena.

Dhana: Ukishapima ukali wa mstari, umepata wingi.
Bila jotoridi la gesi huna kitu. Kwanza ondoa athari ya vumbi: mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.3 uwe takriban mara 2.86 ya ule wa 486.1. Kisha, ili upate jotoridi, linganisha mstari wa oksijeni wa 436.3 na jumla ya mistari yake ya 495.9 na 500.7. Kwenye Kelvini 10,000, jumla hiyo ni kama mara 200 ya ule mstari dhaifu, na hapo ndipo kazi huharibika. Ukirefusha muda wa kamera ili unase 436.3, 500.7 hufurika, yaani huzidi uwezo wa kamera. Kipimo chake ni rahisi: 500.7 lazima iwe karibu mara 3 ya 495.9. Ukipata 2.5, piga picha fupi zaidi. Taa za zebaki nazo zina mstari wa 435.8, jirani mbaya kabisa. Ukikadiria jotoridi juu kwa asilimia 10, wingi wa oksijeni utakaokokotoa utapungua kwa takriban robo.

Dhana: Ioni moja inatosha.
Jumlisha pia oksijeni iliyopoteza elektroni moja (mstari wa 372.7). Ukiona mstari wa heli wa 468.6, jua ipo oksijeni iliyopoteza tatu, ambayo huioni kwenye mwanga wa kawaida. Ikadirie kupitia heli.

Dhana: Njia mbili sahihi hutoa jibu moja.
Mistari hafifu ya oksijeni inayonasa elektroni upya mara nyingi hutoa wingi mara 2 hadi 3 zaidi kuliko ile mistari mikali, na katika nebula ya NGC 6153 karibu mara 10. Chanzo bado kinabishaniwa, huku vipande vya gesi baridi yenye elementi nzito vikitajwa sana. Kwa hiyo usichapishe wingi bila kutaja mistari uliyotumia.