Kabla hujatafuta fomula, angalia kwanza yuniti

Wanafunzi wa sekondari, S.1 mpaka S.4, na nyie wazazi mnaosaidia homuweki, leo tuongee fizikia kidogo maana kila mtihani ukikaribia watu wanakariri fomula usiku kucha afu wakipewa swali la kawaida kabisa wanakwama. Fomula zenyewe si nyingi, kinachoangusha wengi ni kukimbilia kalkuleta kabla hawajajua swali limewapa nini na linataka nini.

Chukua hili. Bodaboda inatoka Kampala kwenda Jinja, kilomita 72 kwa saa, ng'ombe anakatiza barabara. Dereva anatumia sekunde 1 kabla hajashika breki, afu pikipiki inapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya mita ngapi? Fomula ya umbali wa breki ni kasi mara kasi, gawa kwa mara mbili ya upungufu wa kasi; mwenye haraka anachukua 72 anaizidisha kwa 72, anagawa kwa 10 (mara mbili ya ile 5), anapata mita 518, anasonga swali linalofuata. Nusu kilomita jamani! Hiyo pikipiki ifunge breki hapa ikasimamie kule? Tatizo ni kwamba 72 ni ya kilomita na saa wakati breki imepimwa kwa mita na sekunde, na hizo hazichanganyiki hata ukiomba. Zidisha 72 kwa 1,000, gawa kwa 3,600, unapata mita 20 kwa sekunde. Sekunde ile ya kwanza imekula mita 20 bila breki, halafu 20 mara 20 gawa kwa 10 ni mita 40, jumla 60.

Sasa rudia kwa kilomita 36 kwa saa: mita 10 jumlisha 10, basi 20. Kasi imepungua nusu tu lakini umbali wa kusimama umebaki theluthi moja, kwa sababu sehemu ya breki inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Swali hili nalipenda sana, na ningefurahi kila anayepanda boda alipige mwenyewe kwenye karatasi.

Kwenye joto watu wanajua kuzidisha ila wanasahau kuuliza maji yanachemka wapi. Birika la umeme la wati 1,500, maji lita 2 yana nyuzi 25, yatachemka baada ya muda gani? Kitabu kinasema yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kwenye 96 hivi, na Kabale, iliyo juu zaidi milimani, yanachemka kwenye nyuzi chache zaidi ya hapo. (Mtihani ukisema 100 tumia 100, usibishane nao.) Kwa 96, joto limepanda nyuzi 71, kwa hiyo kilo 2 (lita moja ya maji ni kilo moja) mara 4,200 (juli za kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja) mara 71 ni juli 596,400, gawa kwa 1,500 ni sekunde kama 398, dakika 6 na nusu na ushee. Nyumbani litachelewa kidogo kwa sababu birika lenyewe nalo linapata moto na joto lingine linatoroka. Ukipata sekunde 4 au masaa matatu, rudi nyuma, kuna kitu umeruka.

Sauti ni fupi. Umeona radi ziwani, ngurumo imekuja baada ya sekunde 6: sauti inaenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi 340 mara 6, kilomita 2 hivi. Ila ukipiga makofi mbele ya ukuta ukasikia mwangwi baada ya nusu sekunde, 340 mara nusu ni 170, na hiyo 170 lazima uigawe kwa mbili maana sauti imeenda na kurudi, ukuta uko mita 85. Chora mshale wa kwenda na wa kurudi, hautasahau.

Na vipimo: rula haiwezi kupima unene wa karatasi moja, usijisumbue. Panga karatasi 100, zibane vizuri, pima rundo zima, gawa kwa 100. Rundo likiwa milimita 10, karatasi moja ni milimita 0.1, na hapo umepima kwa rula ileile ya shule.